Barua ya Kazi ya Mume Wangu

Meneja wetu alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuingia biashara, na watu wote pale ofisini walimwita Mwalimu. Kampuni yenyewe haikuwa kubwa. Tuliuza mbegu, mbolea na dawa za mimea mjini Meru, na tulikuwa na tawi dogo Embu, ambako ndiko kwao. Familia yake iliishi Dallas, mtaa wa huko Embu mjini. Ijumaa jioni alikuwa akienda nyumbani, na Jumatatu alirudi na mayai au maembe ya kutugawia, kulingana na msimu. Mimi nilikuwa sekretari wake.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kazi zilikuwa zimeadimika, na tangazo moja dogo kwenye ubao wa posta lilitosha kutuletea barua za kujaa kikapu. Kuzifungua ilikuwa kazi yangu. Nilizipiga muhuri wa tarehe, nikazipanga, nikampelekea Mwalimu pamoja na chai ya saa nne. Yeye hakuanza na vyeti. Alianza na sentensi. Alichukua kalamu nyekundu, akavaa miwani, akasoma kama mtu anayechambua mchele. Barua yenye makosa aliilaza kifudifudi upande wa kushoto wa meza, na vyeti vyake havikufunguliwa tena, hata viwe vya namna gani.

“Mtu asiyejali kitenzi chake,” aliniambia siku moja, “hatajali mbolea yangu.”

Singependa mtu adhani alikuwa mkatili. Alikuwa na sababu. Kabla sijaajiriwa, karani mmoja aliwaandikia wakulima maelezo ya dawa ya kahawa, na palipotakiwa kuandikwa “msinyunyize wakati wa maua,” pakatoka “mnyunyize wakati wa maua.” Ni herufi mbili tu zilizopotea. Mzee mmoja wa upande wa Runyenjes alifuata maelezo kama yalivyo, na maua yote yakaungua. Mwalimu alikwenda mwenyewe hadi kwa yule mzee kumwomba radhi. Tangu hapo, walisema waliokuwapo, hakuajiri hata mlinzi kabla ya kuona mwandiko wake.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huohuo. Barua yangu haikuwa na kosa, akaniita, akanipa kazi, na katika miaka ile alinifundisha mengi kuhusu lugha ambayo shule haikunifundisha. Kwa hiyo sikuwa na neno na kalamu yake. Hata nilikuwa nikijisikia vizuri, nikisimama pale na sinia ya chai, nikijua kwamba mimi nilipita.

Mume wangu alikuwa mtu wa stoo. Alisoma mpaka mwisho wa shule ya msingi, akaanza kazi kama mpakiaji katika bohari ya serikali, na taratibu akapanda mpaka akawa ndiye mwenye funguo. Kisha serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Wale wasio na vyeti vya sekondari walikuwa wa kwanza kuitwa, wakapewa barua na kupeana mikono na afisa. Alirudi nyumbani Makutano na sanduku lake la bati, akaliweka chini ya kitanda, na asubuhi iliyofuata akaamka saa ileile ya kazi, akavaa, akakaa sebuleni.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alitafuta kazi kila mahali, lakini kila mahali walitaka karatasi. Mimi nikawa naenda kazini, yeye anabaki na watoto, anapika uji, anafua. Majirani walikuwa wakipita mlangoni kwetu taratibu kuliko ilivyohitajika. 

Nafasi ya mtu wa stoo ilipotokea katika tawi letu la Embu, nilimwambia siku hiyohiyo. Nilimweleza pia jinsi Mwalimu anavyosoma barua. Alinunua karatasi za foolscap na bahasha, na jioni baada ya kula akaondoa vyombo mezani, akaanza kuandika. Aliandika pole pole, akiinamia karatasi, midomo ikicheza. Alipomaliza nilinyoosha mkono niisome.

Akaifunika kwa kiganja.

“Wacha, Mama Watoto,” alisema. “Anayetafuta kazi ni mimi.”

Nikamwambia nitarekebisha vitu viwili vitatu tu, mtu yeyote hufanya hivyo. Akanitazama bila hasira.

“Leo ukiniandikia barua, kesho utakuja Embu kuniandikia risiti?”

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba. Kesho yake akaipeleka posta mwenyewe, akaitia kwenye sanduku, ingawa mimi nilikuwa nikienda kule ilikokuwa ikienda. Baada ya siku chache ikanifikia mezani pamoja na nyingine. Nilijua mwandiko kabla sijafungua. Niliipiga muhuri wa tarehe, nikaiweka mahali pake katikati ya zile nyingine, nikaingiza zote.

Siku Mwalimu alipozisoma, mhasibu alikuwa pale ndani. Mhasibu wetu alikuwa mtu mnene, mcheshi, na kila aliposikia kuna barua za kazi alikuja na kikombe chake kusikiliza. Mwalimu alipokutana na sentensi ya kuchekesha aliisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya darasani, nadhani. Nilikuwa nimebeba birika. Nilisikia maneno ya kwanza nikajua ni ya nani.

Mume wangu alikuwa ameandika juu ya mkubwa wake wa zamani, mama mmoja aliyemfundisha kazi ya stoo. Kiingereza kina neno la mwanamume na neno la mwanamke pale ambapo sisi tuna “yeye” tu, na Kimeru nacho ni vivyo hivyo. Yeye alikuwa akiyatumia maneno hayo mawili kama mtu anavyotumia mkono wowote ulio karibu. Kwa hiyo mama yule alianza barua akiwa mwanamke, katika sentensi ya pili akawa mwanamume, na kuelekea mwisho mwanamume huyo alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, akamwachia mume wangu stoo nzima.

Mhasibu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mwalimu naye alivua miwani akafuta macho. Kisha akanigeukia, kwa wema kabisa, ili nami nipate raha ile.

“Wewe umewahi kuona mwanamume wa likizo ya uzazi?”

“Huyo aliyeandika ni mume wangu, Mwalimu.”

Sikuwa nimepanga kusema. Sauti yangu ilitoka ya kawaida, kana kwamba nimemwambia kuna mgeni nje. Mhasibu alitazama dirishani, akakumbuka kitu alichotakiwa kufanya ofisini kwake, akaenda. Alisahau kikombe. Mwalimu alibaki ameshika ile barua. Aliangalia jina lililo chini, akaniangalia, nami nikamweleza kwamba kazini natumia jina la baba yangu kwa sababu ndilo lililo kwenye vyeti vyangu.

Akauliza kwa nini, kama niliiona barua, niliiacha iende hivyo. Nilimwambia mume wangu alinikataza nisiiguse, na nikamrudia maneno yake juu ya risiti.

 Mwalimu alivaa miwani tena, akaisoma barua kutoka juu mpaka chini, safari hii kalamu ikiwa imelala mezani. Kisha akaiweka upande wa kulia, upande wa wale watakaoitwa.  Nilimwambia, kwa heshima niliyoweza kuipata wakati ule, kwamba sitaki mume wangu aitwe kwa kuonewa huruma, na kwamba yeye mwenyewe akijua hataenda.

“Simwiti kwa sababu yako,” alisema. Akavuta barua nyingine tatu kutoka upande ule ule wa kulia, akazipanga mbele yangu. Zote zilianza kwa sentensi ileile, neno kwa neno, na zote zilikuwa zimepigwa taipu vizuri. “Hawa wameandikiwa na wapiga taipu wa hapo chini stendi. Nimesahihisha watoto maisha yangu yote, najua kazi ya kuandikiwa. Nilikuwa nawapitisha tu kwa sababu hakuna kosa. Huyu ameandika yake.”

Akaniambia niende na ile birika, chai imepoa.

Jioni nilimkuta mume wangu jikoni anakoroga uji wa mtoto. Nilifikiri njia nzima nimwambie nini. Nilimwambia yote. Nilijua mhasibu hana kifua, na afadhali asikie kwangu.

“Walicheka?” aliuliza.

“Walicheka.”

Aliendelea kukoroga. Akauliza kama mimi nilicheka, nikasema hapana, akaitikia kwa kichwa. Tulikula. Baada ya kula akaniuliza ni nini hasa kilichokuwa cha kuchekesha, nikamweleza habari ya mwanamume na mwanamke na likizo ya uzazi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka, kwanza peke yake na kisha sote wawili. Tangu apunguzwe kazi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

“Kwetu mtu ni mtu,” alisema alipotulia. “Sikujua Waingereza wanapenda kumwangalia kwanza.”

Barua yake hakutaka ishikwe, lakini kufundishwa hakukataa. Alinitaka nimfundishe jambo lile moja mpaka liingie. Basi kila jioni, kabla giza halijaingia, tulikaa mlangoni, na kila kilichopita uani kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga alikitaja kwa Kiingereza: jogoo wa jirani, kuku jike, mama wa chumba cha mwisho akienda kuanua nguo, mumewe akirudi na baiskeli. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la tatu, ndiye aliyemsahihisha zaidi, na kwa furaha kubwa. Kuna wakati mama wa chumba cha mwisho aliuliza kwa nini tunamwangalia hivyo.

Usaili ulifanyika Embu. Mwalimu aliniondoa kabisa kwenye shughuli ile. Karatasi ya mtihani alikwenda kuipigisha taipu kule kule Embu, na siku ile akanituma benki na posta ili nisiwepo hata simu ikilia. Nilishukuru. Mume wangu alisafiri siku iliyotangulia, akalala kwa rafiki yake waliyefanya kazi pamoja zamani. Alivaa koti la harusi yetu, lililokuwa limeanza kumbana mabegani.

Mambo ya usaili huo niliyasikia mara mbili, kwake na kwa Mwalimu, na hayakutofautiana. Waliitwa watu wachache, wakakalishwa kwenye mabenchi katikati ya magunia ya mbegu. Wakapewa kifungu cha maneno chenye makosa, wakiambiwa wayatafute na kuyasahihisha. Kisha kila mmoja akaingia ndani peke yake kuulizwa juu ya kazi. Baada ya chai Mwalimu alimrudishia kila mtu karatasi yake ikiwa imesahihishwa, jambo ambalo hakuna mwajiri mwingine niliyesikia analifanya. Mume wangu alikuwa amepata kila mwanamume na kila mwanamke. Mengine mengi aliyapita bila kuyaona, na mengine yaliyokuwa sahihi aliyaharibu.

Kazi ilipewa msichana mmoja wa Embu aliyekuwa amemaliza sekondari na kusomea mambo ya stoo chuoni.

Mwalimu aliniambia mwenyewe kabla barua hazijatoka. Aliniita, akaniambia nikae, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

“Mume wako anajua stoo,” alisema. “Yule msichana pia anajua stoo, na anaandika. Ningefanyaje?”

Lilikuwa swali la haki. Nilirudi kwenye taipureta nikapiga barua ya kumshukuru mume wangu kwa kuomba kazi na kumtakia mafanikio mema. Niliipiga bila kosa.

Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Nilisema maneno mengi juu ya Kiingereza na juu ya watu wanaopima wenzao kwa lugha ya watu wengine. Nilisema gunia la mbolea halijui sarufi. Mume wangu alisikiliza, kisha akasema alikaa benchi moja na yule msichana wakingoja, wakaongea, na kwamba alikuwa msichana mwenye akili na mwenye adabu. Baba yake alikuwa ameuza mbuzi wengi huko Mbeere kumsomesha. Kama ni yeye anayechagua, angemchagua huyo. Niliudhika zaidi. Nilitaka angalau awe upande wangu.

Msichana yule alikaa na tawi lile muda wote niliofanya kazi pale. Miezi ya mwanzo nilisoma ripoti zake nikitafuta kosa, na sikulipata. Baadaye niliacha kutafuta, nikawa nazifurahia.

Mume wangu hakuomba kazi tena mahali popote. Mama yake alikuwa na shamba Mitunguu, chini kule kwenye joto, na maji ya mradi wa kunyunyizia yalikuwa yamefika mpakani mwake, lakini mama alikuwa amezeeka na alilima kidogo tu cha kula. Alichukua lile sanduku la bati chini ya kitanda, akateremka. Alisema anakwenda kujaribu msimu mmoja. Alipanda ndizi. Mimi nikabaki mjini na watoto kwa sababu ya shule, na Ijumaa tukawa tunateremka kwake, au yeye akija mjini anatuletea ndizi, nyanya na vumbi jekundu la kule lisilotoka kwenye kola ya shati. Ndoa ya namna hiyo ina ugumu wake. Kuna majuma tuliyokutana kama wageni, tukalazimika kuanza upya kuzungumza. Lakini aliacha kuvaa nguo za kazi na kukaa sebuleni, na hilo lilinitosha.

Ofisini Mwalimu alibadilisha jambo moja. Aliamuru kwamba wanaoomba kazi ya stoo, ya udereva na ya kupakia waruhusiwe kuandika kwa Kiswahili, akidhani amewafungulia mlango. Barua zilizokuja zilikuwa na makosa kuliko za Kiingereza. Kiswahili sisi wa milimani tunakipata shuleni na sokoni, na ngeli hatuziheshimu. Kulikuwa na gari yangu na kazi langu, mtoto yangu na viti yake. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akasoma ya kwanza, ya pili, akanigeukia akauliza kama “kiti yangu” ni kosa. Nikamwambia ni kosa. Akasema yeye husema hivyo kila siku.

“Ndiyo, Mwalimu,” nilimjibu.

Akafunika kalamu. Tangu siku hiyo barua za Kiswahili alizisoma bila wino, akitafuta tu kama mtu anaeleweka. Za Kiingereza aliendelea nazo kama zamani.

Jumamosi moja, mwaka wa pili au wa tatu wa zile ndizi, gari la Mwalimu lilisimama kando ya shamba letu. Alikuwa akienda kwake Embu, baada ya kuchelewa kuondoka Ijumaa, akapinda Nkubu na kuteremka mpaka Mitunguu. Kweli siku moja katikati ya juma aliniuliza njia, lakini nilidhani anaulizia habari za wateja. Mume wangu alitoka kati ya migomba akiwa miguu mitupu, panga mkononi, akamsalimu. Mmoja alikuwa na Kiembu chake, mwingine Kimeru chake, na ingawa lugha hizo zinasikilizana, wanaume wawili wasiozoeana huogopa kukosea, basi wakaongea Kiswahili. Ndizi ilikuwa kubwa, maji ilikuwa mingi, na shamba ilikuwa imeendelea mzuri. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikiwasikiliza wote wawili.

Walizunguka shamba zima. Mwalimu aliuliza mambo ya dawa na ya ugonjwa wa mnyauko, mume wangu akamwonyesha migomba aliyoing'oa na mahali alipoichoma. Waliporudi kwenye gari Mwalimu hakufungua mlango.

“Ile siku ya barua yako,” alisema, “nilikucheka. Nilicheka mbele ya mke wako.”

Mume wangu alipangusa panga kwenye jani.

“Najua. Aliniambia hiyo jioni. Hata mimi nilicheka, Mwalimu. Ilikuwa ya kuchekesha kweli.”

Mwalimu aliangalia chini, kisha akamtazama usoni, akampa mkono, na mume wangu akaupokea kwa mikono miwili kama tunavyowapokea walimu. Akakata mkungu uliokuwa umekomaa vizuri, akaulaza kwenye buti la gari juu ya magunia ili usichubuke njiani. Mwalimu alitaka kulipa, mume wangu akakataa. Walivutana kidogo juu ya hilo, kwa adabu, mpaka mama mkwe alipoita kutoka jikoni akiuliza ni mgeni gani huyo anayewekwa juani bila kupewa hata uji.

Akanywa uji. Mama mkwe alimuuliza kwa Kimeru kuhusu watoto wake wote, naye akamjibu kwa Kiembu, na hapo hapakuwa na shida yoyote. Alipoondoka, mume wangu alikunja suruali, akaniambia nivue viatu nimsaidie kuhamisha mipira ya kumwagilia, maana zamu yetu ya maji ilikuwa imeanza na mistari ya chini ya migomba ilikuwa bado mikavu.